Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya malikale na mji wa Tabora

Nzega,
Mkoa wa Tabora.

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya malikale, utalii wa ndani na maendeleo ya mji wa Tabora.

YAH: SAFARI YETU YA SIKU MOJA TABORA NA BARUA TATU ZISIZOJIBIWA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia. Nililifundisha somo hilo kwa miaka 31 katika shule za sekondari za mkoa huu, na katika miaka hiyo niliandika neno Tabora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoliandika jina langu. Ninawaandikia hadharani baada ya kushindwa kuwapata kwa njia ya kawaida. Barua yangu ya kwanza na ya pili nilizipeleka kwa mkono, na nakala zake ninazo zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Ya tatu niliituma kwa rejesta. Nimepiga simu mara nne. Mara ya mwisho niliambiwa kwamba barua iko mezani kwa mkubwa, na tangu siku hiyo imepita miezi mitatu. Sitaitaja ofisi wala afisa yeyote, kwa sababu wote walionipokea walinipokea kwa adabu, na kwa sababu ninayoyalalamikia hayakuletwa na mtu mmoja. Ofisi inayohusika itajitambua, na muhuri wake uko kwenye nakala zangu.

Niruhusuni kwanza niseme kwa nini tulikwenda. Sisi wa wilayani Tabora tunaijua kama mji wa rufaa: rufaa ya hospitali na rufaa ya mahakama. Mtu wa Nzega anaifika Tabora akiwa na mgonjwa, au akiwa na faili la kesi ya shamba, au akifuatilia mafao yake. Anashuka stendi, anakimbilia foleni, na jioni anapanda gari kurudi bila kuinua macho. Wanafunzi niliowafundisha wanaweza kuwaeleza tarehe ambayo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huu, 19 Septemba 1916, lakini wengi wao hawajawahi kusimama mahali popote katika mji huo wakiambiwa, hapa ndipo. Tabora si jiji kisheria, ni manispaa, na vijana wa siku hizi huiona kama kituo cha kupita kwenda Kigoma au Mwanza. Ilhali Sultani Majid alipoanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, ilikwisha kuwa njia panda ya misafara ya bara: ya kwenda Ujiji, ya kwenda Karagwe na Buganda, na ya kurudi Bagamoyo.

Safari yenyewe ilikuwa ndogo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi Septemba, saa 11 alfajiri, watu 27 tuliondoka Nzega kwa Coaster ya kukodi: wanafunzi 19 wa kidato cha tatu, walimu wao watatu, wazazi wawili, na wastaafu watatu nikiwamo mimi. Kila mwanafunzi alichangia shilingi 12,000 na kila mtu mzima shilingi 20,000. Naitaja michango hiyo kwa makusudi, kwa kuwa mzazi mmoja alimuuza jogoo ili mwanawe asibaki, na ningependa jogoo huyo akumbukwe katika kila kikao kitakachosema kwamba Watanzania hawana mwamko wa utalii wa ndani. Wazazi walitufungia matobolwa na karanga. Tulipanga kuona mambo manne: stesheni ya reli, Kwihara, kijiji cha jirani walikokaa Livingstone na Stanley, mahali ulipofanyika mkutano wa TANU wa Januari 1958, na mahali alipopigania Mtemi Isike ngome yake. Hadi tunageuza gari saa 11 jioni tulikuwa tumeona jambo moja na nusu.

Hilo moja kamili ni stesheni. Nalieleza kwa furaha, maana huko hatukuhitaji msaada wa mtu. Jengo linajieleza, njia ya Mwanza inaonekana inavyoachana na ya Kigoma, na fundi mmoja aliyekuwa akipumzika kivulini aliwaonyesha wanafunzi jinsi mabehewa yanavyopangwa upya kabla ya treni kugawanyika. Niliwaambia kwamba reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912 na kufika Kigoma mapema mwaka 1914, na kwamba vita ilipowabana Wajerumani, mwaka 1916, walitengeneza fedha zao humu humu Tabora, katika karakana ya reli, ikiwamo sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaigombania sarafu hiyo minadani, na mtoto wa Tabora aliyezaliwa hatua mia tano kutoka relini hajawahi kuiona hata kwenye picha. Wanafunzi walikaa pale saa nzima na hawakutaka kuondoka. Laiti tungeishia hapo, nisingekuwa na barua ya kuandika.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mgeni hajui aanzie wapi. Tulizunguka mjini tukitafuta mahali pa kupata ramani, karatasi, au mtu mwenye jukumu la kutuelekeza, na hatukupata. Kwihara iko kilomita chache tu nje ya mji, lakini tulipotea njia mara mbili, na mara ya pili gari lilikwama kwenye mchanga. Tulifika tukiwa tumechelewa kwa saa moja na nusu, na ndiyo maana nimeihesabu kuwa nusu. Kuhusu mkutano wa 1958, tuliwauliza watu saba, watatu wakatuambia hawajui, na wanne wakatutuma sehemu nne tofauti. Kama kibao kipo, kimejificha vizuri kuliko tulivyoweza kukitafuta. Nawakumbusha kwamba mkutano huo ndio ulioamua, baada ya mabishano makali, kwamba TANU ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuunda chama chake. Nyerere aliwashawishi waliobaki, TANU ikashiriki, ikashinda. Uamuzi ule tunauita Uamuzi wa Busara, mitihani ya taifa inauuliza, na mwalimu aliyewaleta wanafunzi 19 hadi mji ulikofanyika alishindwa kuwaonyesha hata mti wa jirani.

2. Saa na funguo. Jengo mojawapo la kale tulilokusudia kuliona, ambalo sitalitaja, tulilikuta limefungwa kwa kufuli. Hapakuwa na tangazo la saa za kufungua wala namba ya simu. Kijana wa bodaboda alituambia kwamba mwenye funguo amekwenda msibani, na kwamba kwa kawaida yupo. Simlaumu mtu kwa kwenda msibani; nauliza tu kwa nini ufunguo wa historia ya watu wengi kiasi hiki uwe mmoja, na uwe katika mfuko wa mtu mmoja. Tulisubiri kwa dakika 50.

3. Hadithi inayosimuliwa. Hili ndilo lililoniuma zaidi, na nawaomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu. Katika mojawapo ya sehemu tulizofika tulikuta maelezo kwa Kiingereza, na karibu yote yalihusu Wazungu wawili waliopita hapa: lini walikuja, walikaa siku ngapi, waliondoka lini. Wanafunzi walinakili. Halafu binti mmoja, ambaye darasani haulizi kitu, akauliza: "Mwalimu, na mizigo yao alibeba nani?"

Waheshimiwa, swali hilo lina jibu, na jibu lake ndilo Tabora. Mizigo iliyopita njia ile, pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba zikipanda bara, ilibebwa kwa sehemu kubwa na mabega ya Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na alitembea nao jua kutwa kwa wiki na wiki. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, zaidi ya miezi minne. Maelezo ya kawaida yanasema "walifika" kana kwamba walifika wawili. Upagazi ulikuwa kazi yenye ujuzi wake, wakuu wake, ngoma zake na heshima yake. Kijana wa Unyamwezi aliyerudi kutoka pwani akiwa na kitambaa mkononi alikuwa ameona bahari, na wazazi wa msichana walilizingatia hilo. Historia hiyo haina haja ya kutafutiwa mgeni maarufu ili ipate uzito.

Mfikirieni pia Livingstone, kwa kuwa ndiye anayetajwa zaidi Kwihara. Ni kweli alifika hapo na Stanley mwezi Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na yeye akabaki akiwangoja watu wa kumsaidia safari yake ya mwisho hadi mwezi Agosti. Haya ni ya kweli na yanastahili kuelezwa. Lakini alirudi tena. Alirudi mwezi Oktoba 1873 akiwa maiti, amekaushwa na kufungwa katika magome ya mti, akibebwa na wafuasi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao, kutoka alikofia, kusini ya Ziwa Bangweulu. Hapa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, walimkuta ofisa wa Kiingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo, kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Walikataa. Waafrika waliokuwa wamekwisha kutembea miezi kadhaa na maiti mabegani walimwambia ofisa wa Malkia hapana, wakaubeba mwili hadi Bagamoyo. Niliwasimulia wanafunzi jambo hilo tukiwa chini ya miembe ya Kwihara, na nawaambia kwa hakika kwamba hakuna aliyekuwa akichezea simu. Kwa nini habari hiyo iwategemee wanaobahatika kuja na mwalimu mstaafu?

Wapo pia waliopita pale wakiwa na minyororo. Tusijifiche nyuma ya miembe. Miti hiyo inasimuliwa kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara, na msafara mmoja ulikuwa na wapagazi wa ujira na watumwa kwa pamoja, na miongoni mwa waliouza walikuwamo watu wa huku bara, si Waarabu peke yao. Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara imo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Tuliyoiambia dunia kwamba ni njia ya utumwa na pembe za ndovu hatuwezi kuieleza kwa mwanafunzi wa Nzega kama njia ya wapelelezi wawili.

Kuhusu Mtemi Isike, aliyewapinga Wajerumani na, ngome yake ilipovunjwa mwezi Januari 1893, akaona heri ajilipue kwa baruti yake kuliko kukamatwa, hatukufika kabisa mahali pake. Jua lilikuwa limekwisha kuinama. Neno ikulu, ambalo leo linamaanisha makazi ya Rais wa Jamhuri, asili yake ni lugha za huku, makazi ya mtemi. Niliona ajabu kuwaeleza watoto maana hiyo ndani ya Coaster, tukiwa hatujui kama ikulu ya mtemi tunayemzungumzia iko upande wetu wa kulia au wa kushoto.

Aliyetuokoa siku ile ni mzee mmoja tuliyemkuta karibu na Kwihara, mwenye umri uliopita miaka 80 kwa hesabu yake mwenyewe. Tulimwamkia kwa Kinyamwezi, akakaa nasi kwenye gogo, akatusimulia jinsi babu wa baba yake alivyokuwa akiwaita wenzake asubuhi kufunga mizigo, na mpagazi aliyekuwa akichelewa alivyotungiwa wimbo wa kejeli. Aliuimba kwa sauti ya kukwaruza, akasahau ubeti wa pili, akacheka. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumrekodi. Akasema mimi ndiye wa kwanza kumuuliza hata jina. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji.

4. Malipo. Tulitaka kulipa, na hili naomba lisomwe vizuri, kwa sababu tulikuwa na fedha mkononi. Mahali pamoja tuliambiwa viwango vitatu tofauti vya wanafunzi na watu wawili tofauti. Tulipokubaliana, tukaambiwa kwamba fedha taslimu hazipokelewi, ni lazima ipatikane namba ya malipo, na mtandao hauko. Naunga mkono malipo ya serikali kupita kwenye mfumo, na najua kwa nini yaliwekwa. Lakini mfumo usio na njia ya pili siku mtandao unapokatika unamfukuza mlipaji mwaminifu na kumkaribisha mwenye kupenya pembeni. Sisi hatukupenya.

5. Choo, maji na kivuli. Mama mmoja miongoni mwetu ana kisukari. Sina la kuongeza.

Najua majibu ambayo huenda yakatolewa, kwa kuwa mengine nilikwisha kuyasikia kwenye simu, na nayajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Litasemwa suala la bajeti. Fundi mmoja wa hapa Nzega alinipa hesabu ya kibao cha bati chenye nguzo mbili za chuma na maandishi ya rangi pande zote mbili: shilingi 85,000. Vibao saba, ambavyo vingetosha kumtoa mgeni stendi na kumfikisha sehemu zote nne tulizozitaka, ni shilingi 595,000. Hesabu hiyo niliiambatanisha kwenye barua yangu ya pili. Kikundi chetu kiko tayari kulipia vibao vitatu, na hilo pia niliandika. Anayesema fedha hazipo anatakiwa kwanza anijibu kama vitatu vyetu vinakubaliwa.

Itasemwa kwamba watalii hawafiki Tabora, kwamba wageni wanakwenda Serengeti na Zanzibar, na hatuwezi kuandaa mahali ambapo hapana wageni. Sisi tulikuwa 27. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa yao ni watoto wanaosoma au wanaotakiwa kusoma habari za Mirambo, za Isike na za mkutano wa 1958. Shule zote za Nzega, Igunga, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua zinaweza kufika mjini na kurudi siku hiyo hiyo bila kulala, yaani bila hoteli, bila ndege na bila fedha za kigeni. Mtalii mnayemngoja amevaa sare na anakaa kilomita mia moja kutoka ofisini kwenu.

Itasemwa kwamba jukumu si letu: kibao cha barabarani ni cha watu wa barabara, jengo ni la watu wa malikale, usafi ni wa halmashauri, maelezo ni ya makumbusho, na ardhi ya jirani ina mgogoro. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na sikuisoma ili kugombana na mtu. Lakini mgeni haoni mipaka ya idara akiwa barabarani. Anaona tu kwamba amepotea. Wahusika wa ofisi hizo wanaonana kila wiki, misikitini, makanisani na misibani, na mji si mkubwa kiasi cha kuwashinda kukaa meza moja asubuhi moja.

Na itasemwa kwamba tusubiri reli ya kisasa. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu linatamkwa kwa matumaini. Ni kweli reli hiyo inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka, na itakapoanza kazi mtu wa Dodoma anaweza kuja asubuhi na kurudi usiku, kama watu wa Dar es Salaam wanavyokwenda Morogoro sasa. Atashuka, atatoka nje ya stesheni, na atauliza aliyouliza binti wetu. Treni haimjibu. Reli ya mwaka 1912 ilipofika iliukuta mji uliokuwa ukipokea wageni kwa miongo mingi, wenye nyumba, masoko, visima na wenyeji waliojua mgeni aelekezwe wapi. Ingekuwa fedheha reli ya sasa iukute mji ule ule usiojua.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba mambo yafuatayo:

(a) Itolewe karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye orodha ya sehemu za kihistoria za Tabora zinazoweza kutembelewa, saa za kufunguliwa, viingilio vya watu wazima na vya wanafunzi, na namba ya simu inayopokelewa. Ibandikwe stendi, stesheni na kwenye ofisi za elimu za wilaya zote. Kama mnahitaji mtu wa kuiandika, nina muda na kalamu.

(b) Viwekwe vibao, kuanzia njia ya Kwihara na mahali pa mkutano wa 1958.

(c) Maelezo yote yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na yawataje wapagazi, watumwa waliopitishwa, Chuma na Susi, na Mtemi Isike, kwa uzito unaowastahili. Kabla ya kuandika chochote, wazee wa Kwihara na wa vijiji vya jirani wahojiwe na kurekodiwa, kwa Kinyamwezi, na walipwe japo nauli na posho kama wanavyolipwa wajumbe wa semina. Hili lisingojee mengine. Miezi saba imepita tangu tuketi kwenye lile gogo, na mzee wetu alikwisha kuusahau ubeti wa pili.

(d) Kila sehemu inayotoza kiingilio iwe na ufunguo wa pili kwa mtu wa pili, na utaratibu ulioandikwa wa kupokea malipo kwa stakabadhi pale mtandao unapokatika.

(e) Choo.

(f) Tupewe jibu la maandishi ndani ya siku 60 kuanzia tarehe ya kuchapishwa kwa barua hii, likisema ni ofisi ipi inayosimamia kila moja ya hayo na litafanyika lini. Jibu la kukataa nalo ni jibu, nasi tutalipokea kwa heshima, mradi liwe na sababu.

Safari ya pili tumeipanga Jumamosi ya mwisho ya Septemba ijayo. Wanafunzi 34 wamekwisha kujiandikisha, 11 kati yao ni wale wale wa mwaka jana, na yule binti amelipa wa kwanza. Safari hii nitabeba simu mbili. Ninachohitaji kutoka kwenu kabla ya hapo ni kujua kama niikodi gari kubwa moja au mbili ndogo, kwa kuwa sijui kama njia ya kuingia Kwihara imerekebishwa pale tulipokwama.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
kwa niaba ya wasafiri 27,
Nzega.